Kibao cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti 2009. Bungoma.

Roselyne bado yuko kwao Bokoli. Ugali nimejipikia, umetoka na madonge. Nimekula madonge.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: mke wangu hajaniacha. Ameenda kupumzika. Aliondoka baada ya mimi kutoa mota ya cherehani yake ili mlango wa saiba yangu, duka la intaneti, ujifungue wenyewe mteja akikaribia. Mlango ulijifungua vizuri sana. Shida ilikuwa kujifunga. Ulimbana mama mmoja wa kanisa letu kwa skati, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Watu walicheka. Roselyne hakucheka. Alibeba cherehani iliyobaki akaenda kwa mama yake.

Baba mdogo Zachary anasema dawa ni moja: twende Bokoli, nikae chini, nitamke kwamba nimekosa, nirudi na mke wangu. Nimemwambia nitafikiria. Nimefikiria. Hapana! Mwanaume mwenye kompyuta tano haendi kujikunyata kwa wakwe kama aliyevunja chungu. Kuna njia ya akili.

Na njia yenyewe imekuja leo jioni. Jentrix, anayenisaidia kazi hapa saibani, ametoka kwao Bokoli na habari. Levi, kaka yake Roselyne aliye Minnesota, amepata mtoto wa kike na amempa jina la mama yake, Nabwile. Mama mkwe anataka kumwona huyo Nabwile mdogo kwa kamera ya kompyuta. Na ametaja saiba yangu. Yangu! Ati kwa nini aende kwa watu baki na mkwe yuko. Atakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tano, jioni, wakati Levi kule kwake ameamka.

Nimeelewa papo hapo. Pale Bokoli neno la mama ndilo neno. Mama akifurahi, Roselyne anarudi. Na mimi sitakuwa nimempigia mtu goti.

Jumanne, 4 Agosti.

Kuna tatizo. Mama mkwe na mimi hatuwezi kukaa chumba kimoja. Kwetu Wabukusu hamsalimiani kwa mkono, hamwangaliani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Tangu nioe nimeona mgongo wake tu. Mgongo wa heshima.

Jentrix amesema hiyo si kitu, atambonyezea mama yeye mwenyewe. Nimemwambia asante, hapana. Akibonyeza Jentrix, atashukuriwa Jentrix. Nataka kitu kitakachofanya kazi nikiwa sipo, na bado kila mtu ajue ni mimi.

Nimesoma mtandaoni mpaka mteja akagonga meza akidai chenji yake. Na nimekipata! Kuna vibao vya sakiti vidogo kama kidole gumba, vina chipu moja nyeusi na mdomo wa kuingia moja kwa moja kwenye tundu la USB. Waya hakuna. Unakiandikia programu, unakichomeka, na kompyuta inadhani ni kibodi. Kibao kinachapa chenyewe! Kinafungua programu ya kamera, kinaandika neno la siri, kinachagua jina la Levi, kinampigia. Kisha kinaandika salamu zangu kwenye skrini. Mama anakaa tu, mikono mapajani.

Mkwe ameingia chumbani bila kuingia. Wazee wetu hawakuwahi kuwaza hivyo.

Jumatano, 5 Agosti. Kitale.

Nimefika Kitale asubuhi. Kuna fundi wa redio nyuma ya soko, anaitwa Kiarie, aliyenunua vibao viwili Nairobi akitaka kuwasha na kuzima taa ya vifaranga. Kimoja kiliungua. Cha pili ameniuzia.

Aliuliza ni cha kazi gani. Nikasema ni siri. Akanimiminia chai ya maziwa mengi. Kikombe cha kwanza nilinyamaza. Cha pili nikamweleza yote, Roselyne, mlango, skati, mama mkwe. Alisikiliza kwa upole. Akauliza kwa nini Jentrix asimbonyezee mama. Nikamwambia haelewi teknolojia.

Nilipokuwa nikiaga akaniambia nimsalimie Gachanja. Nikauliza Gachanja gani. Kumbe ni binamu yake! Gachanja yule yule aliyetoka Kitale mwaka jana akaja kufungua saiba mkabala na yangu, viti vya kuzunguka, kalenda ukutani, na tabasamu kila saa.

Mvua njia nzima mpaka nyumbani. Kibao nilikifunga kwa karatasi ya nailoni nikakiweka ndani ya soksi. Mimi nimelowa. Kibao ni kikavu.

Ijumaa, 7 Agosti.

Jaribio la kwanza. Limefaulu nusu.

Kompyuta yenye kamera ni moja tu, na mwalimu mmoja alikuwa ameikalia akichapa barua ya kuomba cheo cha naibu mwalimu mkuu. Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea. Nikasema, si nijaribu kidogo tu. Nikachomeka.

Kibao kilichapa kama mashine ya kusaga! Jambo moja sikuwa nimeliwaza. Kibao hakina macho. Kinachapa popote palipofunguliwa, na palipofunguliwa palikuwa ni barua ya mwalimu. Nilikichomoa. Nikasikia hatua zake mlangoni. Nikajifanya napangusa meza.

Mwalimu akarudi, akabonyeza kuchapisha bila kusoma, akalipa, akaenda. Nakala imebaki kwenye mashine. Inasema ana uzoefu mrefu wa kufundisha sayansi na MAMA KARIBU HII NI KAZI YA MKWE WAKO KIZITO MWAMBIE ROSELYNE ARUDI NYUMBANI, na kwamba ana nidhamu ya hali ya juu.

Kosa ni lake. Mwalimu mzima hasomi barua yake mwenyewe? Elimu ya nchi hii inaenda wapi, bana?

Jumatatu, 10 Agosti.

Mwalimu amerudi. Kule ofisi ya elimu alikopeleka barua walimuuliza Roselyne ni nani. Karani mmoja anasali kanisa moja na mke wa mwalimu, kwa hiyo jioni mke wake pia alimuuliza Roselyne ni nani. Nimemchapia barua mpya bure. Hakusema asante.

Mchana akavuka Gachanja. Niaje Kizito, ati amesikia nangoja mgeni mkubwa. Kiarie huyo! Akasema kwa adabu zote kwamba mtandao ukinisumbua siku hiyo nimpeleke mama kwake, yeye atamshikia mausi ya kompyuta tu, hahitaji hata shilingi. Nikamwambia kwangu hakuna kusumbuliwa. Akasema sawa, akanunua kalamu moja ambayo haihitaji, akaenda zake.

Simpendi mtu asiyejua kugombana.

Nimepika ugali tena. Sufuria ni ile kubwa ya watu wawili kwa sababu ndogo alienda nayo. Nimemkumbuka Roselyne. Nimeshaandika, basi.

Alhamisi, 13 Agosti.

Ushindi!

Nimeandika programu upya. Sasa kibao kinafunga kila kitu kilicho wazi kwanza, ndipo kinaanza. Ile programu ya kamera huwapanga walio hewani juu kabisa, kwa alfabeti. Kibao kimeambiwa kimpigie wa kwanza. Jumamosi Levi peke yake ndiye atakuwa hewani, kwa hiyo wa kwanza ni Levi. Mtoto wa shule ya nasari angeelewa.

Kwa kuwa saa hizi Levi amelala, nimejaribu kwa jina langu, maana kibao chenyewe huingia kwa jina la saiba. Kompyuta ya tano nimeiingiza stoo na kamera ya kuazima, nikaiwekea ijibu simu yenyewe, ili nisiwe mtu wa kukimbia huku na huku. Jentrix akachomeka kibao kule mbele. Kikachapa, kikaita, kompyuta ya stoo ikaitika, na Jentrix akatokea kwenye skrini akipiga miayo! Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jentrix ameuliza, Jumamosi na mimi nikifungua jina langu, kibao kitampigia nani? Nimemjibu kwamba sina sababu ya kufungua jina langu. Akauliza basi kwa nini kamera ya stoo nisiizime. Nikamwambia asinichanganye, mwenye saiba ni nani?

Jumamosi, 15 Agosti.

Niandike tu.

Saa kumi jioni nilijifungia stoo na chapati mbili, maana sikujua kikao kitachukua muda gani. Kwenye ubao wa ukuta kuna ufa. Nilimwona Roselyne. Gauni la buluu. Alimleta mama yake mpaka mlangoni, akamwambia anaenda sokoni kununua uzi, atamrudia. Hakuingia. Aliangalia meza yangu pale nisipokuwapo, akaenda.

Mama akaketi. Kupitia ufa niliona mgongo tu, kama kawaida. Jentrix akamwambia, Mama, mkwe wako ametengeneza kitu, wewe tulia tu. Akachomeka. Nikasikia mama akishangaa kwa sauti ya chini kuona herufi zikijiandika. Vizuri kabisa!

Programu ya kamera bado ilikuwa ikifunguka polepole, na hapo ndipo wazo likanijia. Je, kama Levi hayuko hewani? Kama amelala? Si niangalie mara moja tu? Kuangalia si kosa. Nikafungua jina langu kwenye kompyuta ya stoo. Levi yuko hewani. Nikafurahi. Nikamega chapati kipande kikubwa nikaweka mdomoni.

Kizito anatangulia Levi. Alfabeti haina huruma.

Kompyuta ya stoo ikaita mara moja na ikajijibu. Na pale mbele yangu, uso umejaa skrini nzima, ni mama mkwe. Na kwake, uso umejaa skrini nzima, ni mimi, na chapati.

Tulitazamana. Sikuweza kusonga. Ana uso mzuri, macho ni ya Roselyne kabisa. Sikupaswa kujua hilo. Kisha chini ya uso wangu kibao kikaanza kazi yake ya mwisho: MAMA KARIBU HII NI KAZI YA MKWE WAKO KIZITO MWAMBIE ROSELYNE ARUDI NYUMBANI.

Uuwi! Huyo ni mama. Leso kichwani, mgongo kwa kompyuta, na mlangoni huyo! Nilisikia bodaboda ikifunga breki barabarani. Jentrix alichomoa kibao, lakini kuchomoa kulisaidia nini? Nilikuwa nimeshaonekana.

Mlango wa kwanza uliokuwa wazi ulikuwa wa Gachanja.

Alimkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, akampa soda, akavuta kiti kingine akakaa kando yake, akashika mausi. Muda si muda nikasikia kilio cha mtoto mchanga kutoka Minnesota, kikubwa ajabu kwa mtoto mdogo, na mama mkwe akaanza kumwimbia kwa Kibukusu. Aliimba wimbo mzima. Nilisikia vizuri kupitia dirisha la stoo, na niliumia. Niliumia sana. Nilitaka huo wimbo uimbwe kwangu.

Roselyne akarudi na uzi wake. Jentrix akamweleza kilichotokea. Nilingoja hasira zake za kawaida. Alivuka barabara tu, kumfuata mama yake.

Jumapili, 16 Agosti.

Baba mdogo Zachary amekuja baada ya ibada. Amepigiwa simu na Mzee Absalom, baba mkwe wangu. Wazee wataketi Jumamosi waamue kama uso wa kwenye kompyuta ni uso. Ikiwa ni uso, nimevunja mwiko na lazima nitakaswe. Na Roselyne hawezi kurudi kwa mtu aliyevunja mwiko na mama yake.

Nimemuuliza baba mdogo ikiwa si uso itakuwaje. Amesema hata hivyo naenda. Akaongeza kwamba ningeenda mwezi uliopita ningeenda mikono mitupu, bila faini yoyote. Sikuona faida ya maneno hayo.

Jumamosi, 22 Agosti. Bokoli.

Tumeketi sebuleni kwa Mzee Absalom. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyumba ya pili, mlango umefungwa. Kila neno lilipelekwa kwake na shangazi yake Roselyne na jibu likarudi na shangazi. Polepole kuliko mtandao wangu, lakini halikukatika hata mara moja.

Wazee walibishana kwa utulivu. Mmoja akasema picha ya mama mkwe iko kwenye kuta za wakwe wengi na hakuna aliyeugua. Nikaanza kupumua. Mwingine, mzee mwenye kofia ya sufu, akasema ni kweli, lakini picha haitafuni. Huyu alikuwa akitafuna! Wakaangaliana. Shangazi akaenda jikoni, akarudi: mama anathibitisha kwamba nilikuwa nikitafuna, tena ilikuwa chapati.

Basi. Ni uso. Faini ni kondoo mmoja, na blanketi la mama. Baba mdogo alikuwa amekuja na kondoo tayari, amemfunga nje. Hakuniambia njiani, nilidhani ni abiria wa mtu mwingine.

Nikafikiri tumemaliza. Roselyne akaingia na chai, akaweka sinia chini, hakumimina. Akaomba ruhusa kwa baba yake, akasema. Alisema yeye hana shida na kondoo wala blanketi wala kompyuta. Hata cherehani. Kila jioni alikuwa anakaa upande wa njia akimenya mahindi, akingoja nije niseme neno moja. Akaona mwanaume ametuma mashine imwambie mama yake ati Roselyne arudi. Kwani mdomo ulikuwa umeazimwa?

Wote wakanitazama. Nikafungua mdomo nikaanza kueleza habari ya alfabeti. Baba mdogo akanikanyaga mguu, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Nikamwangalia Roselyne. Alikuwa amekonda. Nikasema, Roselyne, nimekosa, nisamehe. Sikuyamaliza mara ya kwanza, nikayarudia. Si maneno mengi. Sijui kwa nini yalikuwa mazito hivyo.

Akamimina chai, kikombe changu cha kwanza. Halafu akaenda kufunga mizigo yake.

Jumatatu, 24 Agosti. Bungoma.

Roselyne yuko nyumbani! Ugali hauna donge hata moja. Nimekula mpaka nikafungua mshipi.

Jana ameniambia, kwa upole, kwamba siku nyingine nikikosa nimwambie mwenyewe, hapo hapo, kwa mdomo wangu. Nimekubali. Nimekubali kwa moyo wote, hata nikatokwa na machozi.

Leo nimekaa nimetafakari kilichotokea, na nikitazama mambo bila mapendeleo lazima niseme: kibao kimefanya kazi. Bila kibao mama asingekimbia. Asingekimbia, wazee wasingeketi. Wasingeketi, nisingeenda Bokoli. Lengo lilikuwa Roselyne arudi, na amerudi. Gachanja na mausi yake hawakumrudisha mtu. Nimemwambia Jentrix hivyo. Amechukua ufagio akatoka nje kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Kilichobaki ni kurekebisha kasoro moja ndogo. Yale maneno ya Bokoli, nimekosa nisamehe, yana nguvu ya ajabu, lakini kuyatoa kunachosha. Kifua kiliniuma mpaka jana. Kwa hiyo nimefuta programu ya zamani, nimeandika mpya, fupi, nzuri. Nikichomeka tu, inaandika: ROSELYNE, NIMEKOSA, NISAMEHE. Herufi kubwa, inajirudia mpaka nichomoe. Makosa ya mwaka mzima yameshapatiwa dawa.

Imekuja kwa wakati wake, kwa sababu pasi yake ya nguo niliitumia asubuhi kuyeyusha risasi ya kuunganishia waya, na sasa ina doa lisilotoka.

Roselyne amesimama mlangoni. Ana pasi mkononi. Anauliza kama nina lolote la kumwambia. Nimemwambia angoje kidogo, kompyuta iwake.